Mate na Sindano: Safari Yangu ya Kwanza Misri

Kitu cha kwanza kunishangaza Kairo ni maini. Nilifika usiku, na njia nzima kutoka uwanja wa ndege macho yangu yalikuwa dirishani. Kila kona kuna taa kali, chini yake bati jeusi pana juu ya moto wa gesi, na nyuma ya bati mwanamume anakatakata maini ya ng'ombe pamoja na kitunguu saumu, pilipili na jira, kisha anayashindilia ndani ya mkate mrefu mwembamba. Wanayaita maini ya Kialeksandria. Kwetu Mwanza, saa tano za usiku, mwenye njaa hutafuta chipsi mayai au sato wa kukaanga. Ini tunampikia mjamzito aliyeambiwa kliniki kuwa damu yake imepungua. Hapa watu wenye tai wamesimama kando ya barabara wanakula ini kwa furaha, na dereva wa teksi naye akasimamisha gari akaninunulia moja bila kuniuliza. Nililimaliza kabla hatujafika hotelini, pilipili ikiniwasha midomo.

Nami nilikuwa nimevuka mipaka yote ile kwa sababu ya ini. Kazi yangu ni maabara. Nimezoea kutoboa vidole vya watu, kuweka tone la damu kwenye kipimo na kusubiri mstari. Kwetu homa ya ini inayotusumbua zaidi ni aina ya B. Aina ya C tunakutana nayo mara chache, hasa tunapochunguza damu ya wachangiaji. Lakini Misri ndiyo nchi ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuongoza duniani kwa aina ya C. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 ulikuta dalili za maambukizi hayo kwenye damu ya karibu watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59. Daktari mmoja wa Kimisri, bingwa wa magonjwa ya ini, niliyehudhuria naye mafunzo Dar es Salaam, aliniambia kwamba siku hizi wanaweza kuanza kuutafuta ugonjwa huo kwa kupangusa fizi tu, bila sindano. Nikamwambia siamini. Akanijibu, "Basi njoo uone, dada yangu."

Asubuhi alinichukua kwenda Giza, kando ya Naili. Piramidi tuliziona kwa mbali tu, na mengi yamekwisha kuandikwa juu yake. Mimi niliukazia macho mto. Sehemu ya maji yale imetoka Ziwa Viktoria, ikapita Jinja, ikashuka Sudan, na hapa yamekuwa mapana, ya rangi ya udongo, yamebeba mashua zenye taa na muziki. Nikawa na hamu ya kuyagusa, mwenyeji wangu akacheka: "Wewe mtu wa kichocho, hata hapa unataka kutia mkono majini?"

Alikuwa ananipeleka mahali penye jina la kichocho chenyewe: Taasisi ya Utafiti ya Theodor Bilharz. Bilharz, daktari Mjerumani, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, Kairo, na mwaka 1851, akipasua maiti kutafuta chanzo cha kifo, aliwakuta minyoo ndani ya mishipa ya damu. Ugonjwa ukaitwa bilhazia kwa ajili yake. Sisi watu wa ziwani tunaujua tangu utotoni. Nakumbuka shuleni tulivyopangwa mstari, tukapimwa urefu kwa kijiti kilichochorwa alama, na kila mmoja akapewa idadi ya vidonge kulingana na alama iliyofikia utosi wake. Vidonge vikubwa, vichungu, vinavyokwama kooni. Siku ile nililalamika sana. Baada ya kusikia habari za Misri nimeviheshimu vidonge vile.

Maana Misri haikuanza na vidonge. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni kubwa ya kuwatibu wanavijiji kichocho kwa sindano za chumvi ya antimoni, zinazochomwa kwenye mshipa, mara nyingi moja kila wiki, mpaka zitimie kumi na kitu. Sindano zilikuwa za kioo. Zilichemshwa, ndiyo, lakini foleni ilikuwa ndefu na muda wa kuchemsha ulikuwa mfupi, na sindano iliyotoka kwa huyu ikaingia kwa yule. Kirusi cha homa ya ini aina ya C kilikuwa hakijajulikana. Wanasayansi walikitambua mwaka 1989, baada ya kizazi kizima kukipokea mkononi. Watafiti walipolinganisha baadaye, waliona kwamba mikoa iliyopata sindano nyingi zaidi ndiyo iliyokuwa na homa ya ini C nyingi zaidi, na Delta ya Naili, kaskazini, ilizidi Misri ya Juu, kusini.

Nilipoelezwa hayo nilikaa kimya muda mrefu. Watu wale walikuwa wanaokolewa. Wauguzi walikuwa wanafanya kazi waliyoamini ni njema, na ilikuwa njema kweli kwa kichocho. Mimi pia nashika sindano kila siku, na habari hii sikuweza kuisikiliza kama historia ya watu wengine.

Kwenda Delta tulipanda basi dogo, na hapo nikapata raha yangu kubwa ya safari. Hakuna konda! Abiria wa nyuma kabisa anampa nauli aliye mbele yake, naye anampa wa mbele yake, noti inapita mikono saba au minane mpaka kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyohiyo bila kupungua hata senti. Niligeuka kila mara kuangalia kama kuna atakayezua ugomvi, kwa kuwa nyumbani chenji ni vita. Hakuna aliyegombana. Mama mmoja aliponiona natazama alinikabidhi noti za watu watatu na kunielekeza kwa ishara kuzipeleka mbele, na nikajiona nimeshakuwa Mmisri.

Dereva aliweka wimbo wa Abdel Halim Hafez. Basi zima likaanza kuimba, vijana kwa wazee, mwenyeji wangu naye. Wimbo ulipokwisha akaniambia kwamba mwimbaji yule alizaliwa kijijini huku Delta, akapata kichocho utotoni kwenye mfereji, kikamharibu ini, naye akafa London mwaka 1977 akiwa na miaka 47. Abiria aliyekaa mbele yetu alisikia jina na mwaka, akageuka na kuanza kueleza kwa mikono juu ya tumbo lake jinsi mjomba wake naye alivyokufa. Kisha mwingine akadakia. Muda si mrefu robo ya basi ilikuwa inazungumza juu ya maini ya jamaa zao, nani amepona, nani alichelewa, na jina walilolitaja lilikuwa moja, "fairus sii", yaani kirusi cha aina ya C. Kwetu ugonjwa wa ini ni habari ya kunong'onwa. Tumbo likivimba mtu husemwa karogwa, au alikuwa mlevi. Hapa wageni kwa wageni walikuwa wanaulizana ndani ya basi kama wamepimwa.

Shebin El-Kom, makao makuu ya mkoa wa Menoufia, ni mji wenye Taasisi ya Taifa ya Ini, na yapo maduka ya dawa mengi kuliko ya vitambaa. Mwenyeji wangu ana kliniki ndogo karibu na hapo. Humo nilikutana na mzee mmoja mkulima, wote wanamwita Hagi, nami nikamwita hivyo. Alinisalimia kwa kuweka mkono kifuani, akanihurumia kwa umbali niliotoka, kisha akavua viatu akajilaza kitandani akijua vizuri kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa kigeni kwangu. Daktari alimwekea kati ya mbavu, upande wa kulia, kifaa kinachotoshea mkononi, akabonyeza, na mwili wa Hagi ukashtuka kidogo. Mashine hutuma mtikisiko mdogo ndani ya ini na kupima kasi yake: kwenye ini laini unakwenda polepole, kwenye ini lililokakamaa kwa makovu unakimbia. Anabonyeza mara kumi, anachukua namba ya katikati. Ini lenye afya husoma kama 5 hivi. Kuanzia 12 na nusu, kwa mgonjwa wa aina ya C, madaktari huanza kuzungumza juu ya ini lililosinyaa. La Hagi lilisoma 14.

"Lakini nimepona," akaniambia kabla sijauliza, na alikuwa anasema kweli. Alichomwa sindano za kichocho alipokuwa mtoto. Kwa miongo hakuhisi chochote, na hiyo ndiyo hulka ya kirusi hiki: baadhi ya watu wanaokipata hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita, wengi kinabaki nao, na kati ya hao 15 hadi 30 katika kila 100 ini lao husinyaa ndani ya miaka 20. Dawa mpya ya sofosbuvir ilipotoka, nchini Marekani iliuzwa dola 84,000 kwa matibabu ya wiki 12. Mwaka 2014 Misri ilipatana bei ya dola 900, na baadaye viwanda vya Misri vyenyewe vikaitengeneza kwa chini ya dola 100. Hagi alimeza vidonge vyake, kirusi kikaisha, na ini likalegea kidogo kutoka pale lilipokuwa. Makovu yaliyobaki hayana kidonge. Kwa hiyo kila miezi sita anakuja kwa altrasaundi, kutazamwa kama saratani imeanza, na atakuja hivyo maisha yake yote.

Hapo ndipo nikaomba nione kipimo cha mate. Mwenyeji wangu alitoa kwenye droo boksi dogo lililobaki kwenye mafunzo, na nilipofungua nikacheka: ni kijiti cha plastiki chenye kitambaa bapa mbele na kichupa cha maji, ndugu kabisa wa kijiti ambacho watu kwetu hutumia kujipima VVU. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wajipime homa ya ini C mwaka 2021, na mwaka 2024 likaidhinisha kipimo cha kwanza cha namna hiyo.

Hagi akajitolea. Hakuwa amekula wala kunywa kitambo. Akapitisha kijiti kwenye fizi za juu, mara moja kutoka mwisho hadi mwisho, kisha fizi za chini, akakitumbukiza kwenye kichupa, nasi tukangoja dakika 20. Nilipotazama nikaona mistari miwili. Nikamgeukia daktari kwa mshtuko. Si alisema amepona?

Naye akanieleza kwa subira, ingawa mimi ni mtu wa maabara. Kipimo hiki hakitafuti kirusi. Ni kweli kwamba watafiti wamekikuta kirusi chenyewe kwenye mate ya baadhi ya wagonjwa, kwa kiasi kidogo kuliko kwenye damu, lakini si kwa wote, kwa hiyo huwezi kukitegemea humo. Kijiti kinachukua majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya fizi, yenye kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ulipopigana. Na kwa kawaida kingamwili hazifutiki hata vita vikiisha. Nikakumbuka kisiwa cha Ukerewe, ziwani kwetu: mwenye shamba akiamka akaona nyayo za kiboko kwenye mahindi yake, anajua kiboko alipita. Kama bado amejificha kwenye matete au alikwisharudi majini, nyayo hazisemi. Lazima mtu aende kwenye matete, na matete ya ugonjwa huu ni damu, kwa kipimo cha pili kinachokisaka kirusi chenyewe. Nilipomfasiria daktari habari ya kiboko, alinitaka niirudie ili akawaambie wanafunzi wake.

Tena wenye nyayo bila kiboko si wachache. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri ilipima watu takriban milioni 49.6 kwa tone la damu la kidole, misikitini, stesheni, viwanjani, vijijini. Nilimwomba anitajie hesabu hiyo mara mbili; Tanzania nzima wakati ule haikufika watu milioni 60. Waliokutwa na kingamwili walikuwa kama milioni 2.2, na kati ya waliofanyiwa kipimo cha pili, robo hivi hawakuwa na kirusi tena. Mwaka 2023 Misri ikawa nchi ya kwanza kupewa na Shirika la Afya Duniani daraja la dhahabu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huu.

"Mdomo una habari nyingi za ini," daktari aliendelea tukitembea. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Likichoka, mtu anapiga mswaki fizi zinatoka damu. Wagonjwa wengine wa aina ya C mdomo huwakauka, wengine huota mabaka meupe ndani ya mashavu. Daktari wa meno makini anaweza kuwa wa kwanza kushuku. Kazini kwangu sijawahi kuona fomu ya vipimo vya ini iliyotoka kwa daktari wa meno.

Siku iliyofuata tulikwenda kijijini kwao. Njia inafuata mfereji, pembeni mashamba ya majani ya ng'ombe ya kijani kibichi ajabu, na yangeyange weupe wakitembea nyuma ya trekta. Mama yake alitukaribisha kwa vifijo, akaweka mezani bakuli kubwa, nikachungulia na kupiga kelele. Mlenda! Wao wanauita mulukhiya, wanaukatakata laini, wanaupika kwa supu ya kuku na kitunguu saumu kilichokaangwa, lakini ni mlenda wetu uleule, unavutika vilevile. Watu wote tulichovya mkate kwenye bakuli moja, na mmoja wa waliokula alikuwa shemeji ambaye alikuwa katikati ya matibabu yake ya aina ya C. Nikiri kwamba mkono wangu ulisita kidogo. Kama kirusi kinaweza kukutwa kwenye mate, je?

Mwenyeji wangu aliona. "Kula," akasema. Hakiambukizwi kwa chakula, wala kikombe, wala kukumbatiana, wala busu. Kinahitaji damu kwa damu. Cha kuogopa ni wembe wa kinyozi unaotoka shingo hii kwenda shingo ile, mswaki wa kuazimana, vyombo vya kung'olea jino visivyochemshwa ipasavyo, na sindano. Nikala mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini, huku nikiwafikiria wagonjwa nyumbani ambao hutengewa sahani na kikombe chao kwa ugonjwa usiopita hapo.

Baada ya chai nikajipima mwenyewe, familia nzima ikinizunguka. Mstari mmoja, wakapiga makofi. Hapo bibi wa jirani, aliyekuwa amekaa mlangoni akitazama, akauliza: hakuna sindano? Akaambiwa hakuna. Akauliza tena. Huyu bibi, mwaka ule nchi nzima ilipopimwa, alikataa hata kutobolewa kidole. Alipokuwa msichana mdogo, alisema, walimpanga foleni na wenzake, sindano moja ya kioo, akatapika njia nzima kurudi nyumbani, wiki baada ya wiki. Dada zake wawili walikufa kwa ini. Aliapa kwamba hakuna chuma kitakachoingia mwilini mwake tena. Nilimsikiliza, mwenyeji wangu akinifasiria, na nikaelewa kwa nini nimefunga safari hii. Kwa mtu wa nchi nyingine kijiti cha mate ni urahisi. Kwa bibi huyu kilikuwa mlango pekee uliobaki.

Akapangusa fizi zake mwenyewe, polepole, hakutaka kusaidiwa. Mistari ikatoka miwili.

Daktari alimwambia ukweli wote: huenda ni nyayo tu, huenda kirusi kipo, na kujua kunahitaji damu ya mshipani. Kijiti hakiwezi zaidi ya hapo. Bibi hakujibu kitu, akaenda kwake. Niliamini tumempoteza. Asubuhi tulimkuta kwenye kituo cha afya cha kijiji kabla hakijafunguliwa, amevaa nguo nyeusi safi, mjukuu wake wa kiume ubavuni. Muuguzi alipochukua sindano, bibi akamzuia: "Ifungulie hapa, nione." Mjukuu akasoma tarehe kwenye karatasi kwa sauti. Bibi akaigusa karatasi, akaigeuza pande zote kuona kama imewahi kuchanwa, ndipo akakunja mkono wa nguo. Muuguzi hakukasirika hata kidogo. Kazini kwangu nafungua sindano mbele ya mgonjwa kwa sababu kanuni inasema hivyo. Tangu siku ile naifungua taratibu zaidi, na nangoja mpaka anitazame.

Majibu yalinikuta Mwanza, kwa ujumbe wa simu. Kirusi kipo. Ini lake limesoma 8, lina makovu lakini halijasinyaa. Ameanzishiwa vidonge, sofosbuvir na daclatasvir, wiki 12, na mjukuu ndiye anayemhesabia.